Homa ya uti wa mgongo: wagonjwa wamepungua sana duniani, mbona anayeugua bado yuko hatarini vilevile?

MaabaraKusini (mleta mada)

Wakuu, naomba mnivumilie, uzi huu ni mrefu. Mimi ni mtu wa maabara, niko Mtwara. Kila msimu wa Hija ukikaribia wazee wetu huchomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na swali ni lilelile: ugonjwa wenyewe mbona hatuuoni? Nimekuwa nikilijibu juu juu. Leo nataka kulijibu kwa takwimu, maana ndani yake kuna jambo linalonikosesha usingizi.

Homa ya uti wa mgongo huletwa na vimelea vingi: virusi, fangasi, kifua kikuu, bakteria wa aina mbalimbali. Hapa nazungumzia zaidi bakteria mmoja, meningokoka. Anaishi puani na kooni mwa watu wazima wa afya, karibu mtu 1 kati ya 10, bila kuwadhuru. Anahamia kwa wengine kwa mate na makamasi, watu wakikaa pamoja kwa muda. Kwa wachache anapenya na kuingia kwenye damu au kwenye utando unaofunika ubongo, na hapo mambo huenda kwa saa. Asubuhi mtoto anacheza, usiku hajitambui.

Ukitaka kujua ugonjwa huu umetoka wapi na umefika wapi, tazama hesabu mbili na usizichanganye. Ya kwanza: katika kila watu 100,000, wangapi wanaugua kwa mwaka. Ya pili: kati ya hao waliougua, wangapi wanakufa.

Ya kwanza imeshuka mno. England peke yake, msimu wa 1999/2000, ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 2,500. Novemba 1999 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuanza chanjo mpya ya kundi C (meningokoka wamegawanyika katika makundi yanayoitwa kwa herufi: A, B, C, W, X, Y). Mwaka 2015 wakaongeza ya kundi B kwa watoto wachanga na ya makundi A, C, W na Y kwa vijana. Msimu wa 2023/24 England ilikuwa na wagonjwa 341. Marekani, miaka ya 1990, ilikuwa inapata karibu mgonjwa 1 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Siku hizi ni chini ya sehemu ya tano ya hapo, ingawa tangu 2021 wamekuwa wakipanda tena na mwaka 2024 walifika wagonjwa 503. Na ukichukua homa ya uti wa mgongo ya kila aina dunia nzima, makadirio ni kwamba mwaka 1990 ilikuwa inaua watu 7.5 katika kila 100,000, na mwaka 2019 ikawa 3.3.

Sasa njooni kwenye hesabu ya pili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla ya dawa yoyote, kati ya wagonjwa 10 wa meningokoka walikufa 7 au 8. Simon Flexner wa New York akatengeneza seramu kutoka kwenye damu ya farasi, vifo vikashuka hadi karibu theluthi. Miaka ya 1930 zikaja dawa za salfa, miaka ya 1940 penisilini, tukafika kama 1 kati ya 10. Na hapo ndipo tulipoganda. Zaidi ya miaka 70 imepita, antibiotiki kali zimekuja, mashine za kupumulia zimekuja, na hospitali zenye kila kitu bado hupoteza wagonjwa 10 hadi 15 kati ya 100. Wanaopona, hadi mmoja kati ya watano hubaki na ulemavu: uziwi, kifafa, kiungo kilichokatwa.

Kwa maneno mengine, watu waliookolewa miaka hii ya karibuni wameokolewa zaidi kwa kutokuugua kabisa. Aliyeshaugua, nafasi yake haijabadilika sana tangu enzi za babu zetu wale waliochomwa penisilini za mwanzo. Hili ndilo nataka tulijadili.

Mkulima_Newala

Mleta mada nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Newala na korosho ndiyo maisha yangu. Malaria naijua, kipindupindu nakijua, surua imetuzikia watoto. Hii meningokoka sijasikia kijiji hata kimoja kikiilia. Nilivyoelewa ni ugonjwa wa Niger na Nigeria, kule kwenye jangwa. Sasa sisi tuna mengi ya kuhangaikia, kwa nini tubebe na la wenzetu?

MaabaraKusini

Shikamoo mzee wangu. Kwa sehemu kubwa umesema kweli, na ndiyo maana ni lazima nikujibu vizuri.

Mwaka 1963 daktari Mfaransa Léon Lapeyssonnie aliueleza ukanda unaokatiza Afrika chini ya Sahara, kutoka Senegal hadi Ethiopia. Huko mvua ni chache, na kuanzia Desemba hadi Juni hewa ni kavu, upepo wa vumbi unakwangua koo za watu, na yule bakteria aliyekuwa ametulia anapata njia. Sisi wa pwani ya kusini hewa yetu ina unyevu wa bahari, hatuna upepo wa namna ile.

Wakati wa milipuko, ukanda ule unaweza kupata wagonjwa hadi 1,000 katika kila watu 100,000. Chukua sensa yetu ya 2022: Mkoa wa Mtwara una watu 1,634,947. Kwa kiwango kile, mkoa wetu peke yake ungekuwa na wagonjwa zaidi ya 16,000. Wangelazwa wapi? Hospitali ya Ligula? Ya Ndanda? Ya Kanda pale Mitengo? Jumlisha zote, zisingetosha. Mlipuko wa 1996 na 1997 uliwapata watu zaidi ya 250,000 na kuua 25,000. Gawanya mwenyewe mzee. Ni ile ile sehemu ya kumi.

Lakini mambo mawili yananizuia kusema ni ya wenzetu. La kwanza, orodha ya nchi 26 za Afrika zilizopangwa kuwa na hatari ya milipuko ya kundi A ina jina la Tanzania. Ukanda haukuishia pale alipouchora Mfaransa, unateremka kuja kwenye Maziwa Makuu. La pili, bakteria huyu anasafiri na watu. Hija ya 1987 ilipata mlipuko wa kundi A, mahujaji wakarudi makwao, mwaka 1988 Sudan ikalipuka, mwaka 1989 ikawa zamu ya Nairobi. Hija ya 2000 ikaja na kundi W, likasambaa hadi Ulaya na Asia. Ndiyo maana Saudia inadai chanjo ya makundi manne A, C, W na Y. Na hata juzi tu, mwaka 2024, watu 12 wa Marekani, Ufaransa na Uingereza waliugua, chanzo kikiwa safari za Umra. Wote ambao rekodi zao za chanjo zilijulikana walikuwa hawajachanjwa. Mzee wa Mikindani anayechomwa sindano ile anamlinda mjukuu wake atakayempokea siku ya kurudi.

Dogo_Chikongola

Kaka umetaja Ulaya imeshukaje. Huko kwenye ukanda wenyewe je? Au chanjo ni za wenye hela tu?

MaabaraKusini

Hapo ndipo penye habari ninayoipenda kuliko zote katika fani hii.

Chanjo za zamani zilikuwa na kasoro kubwa: hazimkingi vizuri mtoto wa chini ya miaka 2, kinga yake haikai, na hazimtoi bakteria kooni. Mlipuko ukianza ndipo magari yanakimbia na chanjo, wakati watu wameshaanza kufa. Baada ya maafa ya 1996 viongozi wa nchi za ukanda wakasema wanataka chanjo ya kwao, ya bei wanayoiweza, chini ya nusu dola kwa dozi. Shirika la Afya Duniani na shirika lisilo la kiserikali la PATH wakashirikiana na kiwanda cha Serum Institute huko India, ikatengenezwa MenAfriVac, ya kundi A, ambalo ndilo lililokuwa likileta milipuko mingi. Desemba 2010 Burkina Faso wakaanza kuwachanja watu wa umri wa mwaka 1 hadi 29, nchi nzima. Chad walipoanza, sehemu zilizochanjwa zilipata wagonjwa pungufu kwa asilimia 94 kuliko zile ambazo bado. Na chanjo hii inamfukuza bakteria hata kooni, kwa hiyo asiyechanjwa naye ananufaika. Jambo jingine ambalo watu wa joto kama letu tutalielewa: ilithibitishwa kwamba inaweza kukaa nje ya friji hadi siku 4, mradi joto lisizidi nyuzi 40. Mtu anaipeleka kijijini bila kubeba barafu.

Tangu 2017 hajathibitishwa mgonjwa hata mmoja wa kundi A katika ukanda ule. Ugonjwa uliokuwa unaua maelfu kila baada ya miaka michache. Nikisoma sentensi hiyo hadi leo nasisimka.

Ila makundi mengine yamebaki. Niger mwaka 2015 kundi C, wagonjwa zaidi ya 8,500. Nigeria 2017 kundi C tena, zaidi ya 14,500 na vifo 1,166. Kongo mwaka 2021, Banalia, kundi W, wagonjwa zaidi ya 2,600 na vifo zaidi ya 200. Aprili 2024 Nigeria ikawa nchi ya kwanza duniani kutumia chanjo mpya ya makundi matano kwa mpigo, A, C, W, X na Y. Hapa Tanzania meningokoka haimo kwenye chanjo za kawaida za watoto. Tulizonazo ni za bakteria wengine wawili wanaoleta ugonjwa huohuo: ya Hib ndani ya pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja) tangu 2009, na ya nimokoka tangu 2013. Kwa hiyo kadi ya kliniki ya mwanao tayari inafanya sehemu ya kazi.

Na hapa kuna hesabu nimeirudia mara nyingi kichwani. Nchi za dunia zilikubaliana mwaka 2020 kwamba ifikapo 2030 homa ya uti wa mgongo inayokingika kwa chanjo ipungue: wagonjwa kwa asilimia 50, vifo kwa asilimia 70. Sasa chukua wagonjwa 100 na vifo 10. Punguza wagonjwa nusu, wabaki 50. Kama bado anakufa 1 kati ya 10, vifo ni 5. Lengo linataka vibaki 3. Chanjo peke yake haifiki huko. Wale wawili waliobaki wanatakiwa waokolewe kitandani, wakiwa wameshaugua. Kazi hiyo haifanyiki Geneva yaliko makao makuu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanyika kwenye zahanati za Newala na vituo vya afya vya Nanyumbu, ndani ya saa chache za mwanzo.

Somoe_Lindi

Asalam aleikum ndugu zangu. Huwa nasoma tu, leo imebidi niandike.

Mwanangu alianza homa usiku, kichwa kinamuuma, anatapika. Tukampeleka kituo kimoja, akatobolewa kidole, malaria ipo. Tukapewa dawa mseto tukarudi nyumbani. Kesho yake namwinua anywe uji, shingo haikunjiki, anainuka mwili mzima kama ubao, na mwanga wa dirishani anaukimbia, anageukia ukutani. Shangazi yake akasema hilo ni degedege la shetani, akaitwa mtu wa kufukiza. Tulipofika hospitali kubwa hajitambui. Alhamdulillahi alipona. Lakini tuliporudi nyumbani nikimwita kwa nyuma hageuki. Nikadhani ni ukali wa dawa. Sasa yuko darasa la tatu, ananitazama mdomo nikiongea, na shuleni wanamwona mkaidi.

Naomba kuuliza. Kile kipimo cha malaria kilikosea?

Nesi_Tandahimba

Dada Somoe, pole sana. Nimeisoma nikasimama kwanza.

Kipimo hakikukosea, malaria ilikuwepo. Huku kwetu mtoto anaweza kutembea na vimelea vya malaria kwenye damu wala visimuumize, halafu homa ikaletwa na jambo lingine kabisa. Kuona malaria hakuondoi homa ya uti wa mgongo. Mwongozo wa kumhudumia mtoto mgonjwa tuliofundishwa sote unasema wazi: mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa, au mwenye dalili yoyote ya hatari, yaani degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea, kutojitambua, apewe dozi ya kwanza ya malaria kali na dozi ya kwanza ya antibiotiki. Vyote viwili. Azuiwe sukari isishuke, kisha rufaa ya haraka. Dozi ile ya kwanza ndiyo roho ya mtoto, hasa masika barabara zikikatika na gari la wagonjwa linahesabu saa.

Mama wenzangu, kichanga shingo yake haikakamai kama ya mkubwa. Pitisheni kiganja utosini: ukivimba na kuwa mgumu, mtoto akalia kilio chembamba kisicho cha kawaida na akazidi kulia ukimbeba, msingoje kuche. Na vipele vya meningokoka kwenye ngozi zetu nyeusi vinajificha. Tazama viganja, nyayo, ndani ya kope, kaakaa. Bonyeza kwa glasi ya kioo. Doa lisilofifia chini ya glasi ni damu iliyovuja, mkimbize.

Kufukiza sitawagombeza wazee wetu. Nawaomba tu kitu kimoja: mtoto aende hospitali kwanza.

Mjomba_Nachingwea

Nesi umesema vema, ila kuna tatizo hujaligusa. Watu wanakimbia hospitali kwa sababu ya ile sindano ya mgongo. Huku inasemwa wazi kwamba mtoto akitolewa maji ya mgongo anapooza, au hafiki jioni. Jirani yangu alimbeba mwanawe wodini usiku akaondoka naye. Mtu wa maabara, hebu lijibu hili.

MaabaraKusini

Mjomba, ahsante kwa kulisema hadharani, maana limeua watu.

Uti wenyewe wa neva haufiki chini hadi kiunoni. Kwa mtu mzima unaishia juu kidogo ya kiuno, na sindano inachomwa chini ya hapo, kwenye maji matupu yenye nyuzi za neva zinazoelea. Ndiyo maana mtoto hukunjwa, magoti kifuani: mifupa ifunguke na sindano ipite mahali sahihi. Daktari akiona dalili kwamba kuchoma ni hatari kwa wakati huo, anaahirisha na kuanza dawa. Wanaofariki baada ya kutolewa maji wengi wamefika wakiwa wameshachelewa, na lawama inabaki kwa sindano kwa kuwa ndiyo iliyoonekana.

Niwaambie kinachotokea upande wangu. Kichupa kinaletwa, nakiinua kwenye mwanga. Maji ya mtu mzima wa afya ni angavu kabisa. Yakiwa na ukungu, moyo unaniruka. Napaka tone kwenye kioo, natia rangi, naweka chini ya hadubini. Meningokoka anaonekana mwekundu, wawili wawili wamegusana kwa pande zao bapa, mara nyingi ndani ya seli za usaha. Ndani ya saa moja naweza kumpigia daktari simu. Ni bakteria dhaifu nje ya mwili, kwa hiyo kichupa cha kuotesha hakiwekwi friji. Akishakufa humo njiani, jibu linakuja kwamba hakuna kitu, na kweli kulikuwa na kitu.

Sasa mzee wangu wa Newala, rudi kwenye swali lako la kwamba hatuuoni. Asiyetolewa maji ataandikwa malaria kali au degedege. Kaburi linachimbwa, na kwenye takwimu za meningokoka haongezeki hata mmoja. Kule kwenye ukanda wana kipimo cha tahadhari: wilaya ikifikisha wagonjwa 3 katika kila watu 100,000 kwa wiki moja wanainuka, wakifika 10 wanatangaza mlipuko. Ili uhesabu hadi 3 lazima kwanza mmoja apimwe.

Mkulima_Newala

Marahaba mwanangu. Hapo umenifikisha. Watoto niliowazika kwa degedege sikuwahi kuuliza walikuwa na nini.

Mama_Masasi

Na jando je? Likizo ya katikati ya mwaka vijana wetu wanalala pamoja, wamebanana. Akiugua mmoja, wengine wafanyweje?

Nesi_Tandahimba

Swali zito mama. Popote vijana wanapolala wamebanana bakteria huyu anapata nafasi. Jeshi la Marekani lilianza kuwachanja makuruta mwaka 1971 kwa sababu hiyohiyo, mabweni. Kwa hiyo kumbi zenu zipitishe hewa, kila kijana awe na kikombe chake, na mwenye homa na kichwa kikali asifichwe ili eti shughuli isiharibike. Mgonjwa akithibitishwa, aliolala nao chumba kimoja na waliomhudumia kwa karibu hupewa kinga tiba mapema iwezekanavyo, mara nyingi dozi moja tu ya siprofloksasini au sindano moja ya seftriaksoni. Anayeamua nani apewe nini ni daktari, si duka la dawa. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 10, kwa hiyo waangaliwe mpaka ziishe.

Somoe_Lindi

Nesi, na huyu wangu, baada ya miaka yote hii, kuna la kufanya?

Nesi_Tandahimba

Lipo. Mtoto akitoka kwenye ugonjwa huu anatakiwa apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa au ndani ya wiki 4, kwa sababu sikio la ndani linaweza kugeuka mfupa na nafasi ya kumsaidia ikapungua. Wako hakupimwa, lakini usikae hivyo. Nenda hospitali ya mkoa pale Lindi, omba barua ya rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Mweleze daktari kwamba aliugua homa ya uti wa mgongo, usiseme tu hasikii vizuri. Watampima amebakiwa na kiasi gani na kama kifaa cha kusikia kitamfaa. Muhimbili wanapandikiza kifaa cha ndani ya sikio tangu 2017, kama atahitajika kufika huko wao ndio watakaosema. Na majibu ya kipimo peleka nakala shuleni kwa mwalimu wa darasa, akae mbele, upande wa sikio linalosikia.